Vizuka vimevuliwa nguo: vitamu vya Halloween visivyookwa, vikiharibika ufanyeje

Kila mwaka ikifika wiki ya mwisho ya Oktoba, simu yangu hujaa picha za mabakuli. Watoto wenye mabawa ya popo watapigwa picha tarehe 31. Kabla ya hapo ni bakuli tu. "Dada, hii chokoleti imekuwaje?" "Mama Salma, jeli ina saa sita kwenye friji na bado ni maji."

Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa Ohio, Marekani, tulikulia Tanga, Mombasa au Bukavu, ambako mwisho wa Oktoba ni mwisho wa mwezi, basi. Halloween, sikukuu ya vizuka ya tarehe 31 Oktoba, tumefundishwa na watoto wetu, waliorudi na karatasi ya mwalimu kwamba Ijumaa darasa linataka vitamu 24. Tukakimbilia vile visivyookwa, kwa kuwa mtoto wa miaka minne anaweza kupanda kwenye stuli na kufanya kazi ya kweli bila oveni kuwashwa. Ila kukosekana kwa oveni hakumaanishi hakuna moto, na nitalirudia hilo.

Malalamiko nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi inatangulia. (Na kama nyumbani kwenu hamtaki mambo ya vizuka, tengenezeni maboga au vifaranga. Chokoleti haijui tofauti.)

## Chokoleti imekuwa donge

Hili ndilo linaloongoza, kwa mbali. Ulikuwa na chokoleti nyeupe iliyoyeyuka vizuri, inang'aa, kisha ghafla ikakaza, ikawa ya chengachenga kama ugali uliomwagiwa unga mwingi kwa mkupuo. Mwiko unasimama wenyewe.

Sababu ya kwanza ni maji. Hayahitaji kuwa mengi, tone moja linatosha. Chokoleti ni sukari na kakao (au unga wa maziwa, kwa ile nyeupe) vilivyo vikavu ndani ya mafuta. Tone la maji likiingia, sukari inalowa, inanata na kuvuta chembe nyingine, na mafuta yanabaki pembeni. Kagua haya kwa mpangilio: kijiko kilifutwa kweli, au kilisuuzwa tu? Bakuli lilikaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka, na mvuke ukaingia? Stroberi zilioshwa sasa hivi? Halafu uliza swali ambalo hakuna anayependa kulijibu: je, mtoto alilamba mwiko akaurudisha?

Sababu ya pili ni rangi. Zile chupa ndogo za rangi ya chakula za dukani nyingi ni za maji. Zinafaa kwa keki na uji, si kwa chokoleti. Ukitaka chokoleti ya rangi ya chungwa au zambarau, tafuta rangi ya mafuta iliyoandikwa kuwa ni ya peremende, au ya unga. Rahisi zaidi ni kununua vidonge vya kuyeyusha vilivyokwisha kutiwa rangi, mfano Candy Melts. Hivyo si chokoleti halisi, kwani vina mafuta ya mawese mahali pa siagi ya kakao, lakini kwa kazi ya watoto mimi navipenda kuliko chokoleti yenyewe.

Sababu ya tatu ni moto. Nusa. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona nyeupe imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imeungua. Chokoleti nyeupe huungua mapema kuliko nyeusi kwa sababu ya maziwa na sukari iliyo nayo.

Kama ni maji au rangi, ongeza mafuta ya nazi au ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa wakati, ukikoroga taratibu. Ikilainika, unaweza kuchovyea. Isipolainika, geuza nia: mimina maziwa ya moto kidogokidogo hadi iwe mchuzi. Haitagandia tena kwenye biskuti, lakini juu ya ndizi au aiskrimu itakwenda. Usijaribu kuiokoa kwa kuirudisha motoni, maana hapo utakuwa na matatizo mawili. Iliyoungua haina dawa, itupe.

Safari nyingine, yeyusha chokoleti hivi: nguvu ya maikrowevu nusu, sekunde 30, koroga, kisha sekunde 15 kila mara. Usingoje uone imeyeyuka. Vipande vya chokoleti hushika umbo lake hata vikiwa laini ndani, kwa hiyo macho yanakudanganya na mwiko ndio unaosema kweli.

Jambo jingine dogo: chokoleti halisi iliyoganda ikatoka na madoa meupe kama vumbi haijaota ukungu. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu kwa sababu haikupozwa kwa utaratibu. Inalika.

## Chokoleti inateleza, au inapasuka

Vizuka vya ndizi ni rahisi: nusu ndizi kwenye kijiti, chokoleti nyeupe, macho mawili. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini kizuka cha ndizi kikivuliwa hukaa uchi katikati ya sahani na joho lake limelala pembeni.

Joho likiteleza, mara nyingi ndizi ina unyevu juu. Imetolewa kwenye friza, ikakaa mezani dakika kadhaa, ikatoa jasho. Ifute kwa karatasi ya jikoni kabla ya kuichovya. Kuna wanaopaka ndimu ili ndizi isiwe nyeusi. Ni sawa, ila ifutwe pia. Mimi siipaki. Ndizi iliyofunikwa pande zote haipati hewa, na bila hewa haibadiliki rangi.

Likipasuka, ndizi ilikuwa baridi mno. Chokoleti inaganda kabla haijatulia, kisha ndizi inapopata joto na kutanuka, ganda linakatika. Iache dakika tatu au nne nje, ifute, uchovye. Kijiko cha chai cha mafuta ya nazi kwa kila kikombe cha chokoleti hufanya ganda liwe na ulaini kidogo.

## Rangi nyeusi imetoka kijivu

Umeanzia kwenye chokoleti nyeupe. Ukitaka popo mweusi, anza na chokoleti nyeusi au krimu yenye kakao, kisha tia rangi kidogo. Rangi nyeusi pia hukolea ikiachwa, kwa hiyo krimu iliyochanganywa jioni asubuhi huwa nyeusi zaidi.

Kesho yake nitapata simu nyingine: "Mtoto ameenda chooni, choo ni cha kijani." Ni rangi hiyohiyo nyeusi, ni kawaida, itapita. Lakini kama choo ni cheusi, kinanata kama lami, na mtoto hakula kitu chenye rangi, usisubiri. Mpigie daktari wake siku hiyohiyo.

## Vipande vya Rice Krispies ni vigumu kama tofali

Kitamu hiki kilibuniwa mwaka 1939 na Mildred Day na Malitta Jensen, waliokuwa wakifanya kazi Kellogg's huko Battle Creek, Michigan. Kilitumiwa na wasichana wa Camp Fire Girls kuchangisha fedha. Kanuni yake haijabadilika sana: siagi vijiko vikubwa 3, pakiti ya mashimelo ya gramu 283 (vile vitamu vyeupe, laini kama pamba), na vikombe 6 vya Rice Krispies (punje za mchele zilizofura, za kifungua kinywa). Ukitia rangi ya kijani na macho, ni zimwi. Ya chungwa yenye kijiti juu ni boga.

Ugumu husababishwa na moto mkubwa karibu kila mara. Mashimelo ni sukari, na sukari ikipata moto sana, maji yake yanakwenda na inayobaki ni peremende. Moto uwe wa chini tangu mwanzo, na uzime mashimelo yakiwa bado yana mabonge machache, maana yatamalizikia kwenye joto la sufuria. Sababu ya pili ni mikono. Watoto wanapenda kushindilia, na tuna tabia ya kuwasifu kwa nguvu zao. Mwambie mtoto abonyeze kama anavyompapasa paka. Ya tatu ni mashimelo ya zamani. Yabonyeze ukiwa dukani ndani ya pakiti, na kama hayarudi, yaache hapo.

Yakiwa laini mno na hayashiki umbo, umezidisha siagi au umekata kabla hayajapoa. Subiri dakika 30, nje ya friji. Friji huyafanya magumu na kukurudisha mwanzo wa sehemu hii.

Kwa Waislamu: mashimelo mengi ya Marekani yana jelatini (kigandishi) ya nguruwe, na pakiti huandika "gelatin" tu bila kutaja mnyama. Kama haikuandikwa halali, chukulia si halali. Maduka ya Waarabu na ya Wasomali huwa na yale ya jelatini ya ng'ombe au samaki, na yanayeyuka vilevile.

Hapa simama. Mashimelo ya moto ndicho kitu cha hatari kuliko vyote katika makala hii, kwa sababu yananata. Maji ya moto hutiririka yakaondoka, lakini haya hukaa kwenye ngozi yakaendelea kuunguza. Kukoroga sufuria ni kazi ya mtu mzima. Mtoto huanza baada ya mchanganyiko kupoa kiasi kwamba wewe mwenyewe unaweza kuushika bila kushtuka, mikono ikiwa imepakwa siagi. Akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka, baridi ya kawaida, dakika 20. Usibandue kilichonata. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala siagi. Najua bibi alipaka. Kidonda kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha mtoto, au kiko usoni, mikononi au sehemu za siri, au kimetoa malengelenge, nendeni hospitali.

## Jeli haigandi

Uliza kwanza: umetia tunda gani, na lilikuwa bichi?

Nanasi, papai na kiwi yakiwa mabichi hayaruhusu jelatini igande kamwe, hata ukiiacha hadi Krismasi. Na sisi watu wa pwani tulipaswa kulijua hili bila kuambiwa. Papai lilelile unalosaga ukapaka nyama ya mishikaki ili ilainike ndilo linaloimaliza jeli yako. Jelatini imetokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ni protini kama nyama, na papai lina kimeng'enya kinachokata protini vipandevipande. Nanasi lina chake, kiwi kina chake, tangawizi mbichi pia. Matunda ya mkebe hayana shida kwa kuwa yamepikwa, na moto huua kimeng'enya. Kwa hiyo ama tumia ya mkebe, ama chemsha tunda lako dakika chache kabla ya kulitia.

Jeli iliyokwisha kuharibiwa na nanasi bichi haiponi kwa kuongeza jelatini. Igandishe kwenye friza kama barafu ya kulamba, watoto hawatajua.

Kama hakuna tunda, angalia mengine: maji ya moto hayakuwa yamechemka kweli, kwa hiyo chengachenga za jelatini zimebaki chini, au maji yamezidi, au muda hautoshi. Saa nne ni kiwango cha chini kwa vikombe vidogo, na bakuli kubwa ni la usiku mzima.

Asiyetaka jelatini atumie agari, ambayo hutokana na mwani (si ule wa Paje na Jambiani, Zanzibar, huo hutoa karagini, kigandishi kingine). Kijiko cha chai kimoja cha unga kwa kikombe cha maji, ichemke kabisa dakika mbili. Agari hugandia hata nje ya friji na papai haliiwezi, kwa kuwa si protini. Ni ngumu zaidi mdomoni, hailegei kwenye ulimi kama jelatini, kwa hiyo kata vipande vidogo.

## Pudini ya "makaburi" ni maji

Ni vile vikombe vya pudini ya chokoleti vilivyofunikwa Oreo zilizopondwa kama udongo, minyoo ya peremende inachungulia, na biskuti imesimama kama jiwe la kaburi.

Soma kisanduku. Zipo pudini za aina mbili rafu moja, visanduku vinafanana. Ya papo hapo inakorogwa na maziwa baridi na kuganda kwa dakika tano. Nyingine ni ya kupika. Ukiikoroga ile ya kupika na maziwa baridi, utakoroga hadi asubuhi. Imimine kwenye sufuria pamoja na maziwa yake, ikoroge hadi ichemke, ipoze, na hujapoteza kitu.

Kama kisanduku ni sahihi, tatizo ni maziwa. Ya soya, ya lozi na ya nazi hayagandishi pudini ya papo hapo inavyotakiwa, kwa sababu inategemea protini ya maziwa ya ng'ombe. Punguza kipimo hadi kama nusu na zaidi kidogo, nayo itakuwa nzito.

## Macho yanadondoka

Umeyabandika chokoleti ikiwa imeganda. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye chokoleti iliyoyeyuka, weka tone, bandika, hesabu hadi kumi na mtoto.

Wako wanaotumia zabibu nzima kwa macho. Kwa mtoto chini ya miaka minne zabibu ikatwe kwa urefu, vipande vinne, na mashimelo mazima, karanga, bisi na peremende ngumu vikae mbali naye. Akipaliwa huku akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kuvuta pumzi, mmoja apige 911, simu ya dharura, na mwingine aanze: mapigo matano mgongoni kati ya mabega, kisha misukumo mitano ya tumbo kama amevuka mwaka mmoja. Mtoto mchanga hasukumwi tumbo, husukumwa kifua.

## Donge la biskuti mbichi, kisha tumbo

Hapa hakuna kinachoonekana kuharibika, ndiyo maana naliogopa. Mapishi ya "zimwi la donge la biskuti" husema acha yai, utakuwa salama. Unga wa ngano nao ni mbichi. Haujauliwa vijidudu, na mwaka 2016 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa bakteria wa E. koli uliotokana na unga. Kuukausha kwenye maikrowevu nyumbani hakukupi uhakika, joto lake halisambai sawasawa. Saga biskuti za dukani, changanya na jibini laini hadi ishikane, finyanga. Ladha ni nzuri zaidi pia.

Mtoto akiharisha damu, akiwa na homa kali, au mkojo ukipungua, usimpe dawa ya kuzuia kuhara. Mpeleke kwa daktari.

## Biskuti za oti za sufuria hazishiki

Hesabu dakika moja kamili, tangu sukari, maziwa na siagi vinapochemka kwa mapovu yasiyozimika ukikoroga. Chini ya hapo zinabaki tope, ukizidisha zinakuwa makombo. Zilizo tope zitie friza uzilishe kwa kijiko.

## Maikrowevu inatoa cheche

Zima. Angalia kama karatasi ya fedha ya peremende imebaki kwenye kitamu, au bakuli lina ukingo wa dhahabu. Kisha futa ndani, hasa kile kibamba cha rangi ya kahawia au kijivu ukutani, kwani mafuta na sukari vikiungua juu yake hutoa cheche. Ikiendelea ikiwa tupu na safi, au kibamba kimetoboka, chomoa waya na uache hapo. Usifungue kifuniko cha nje. Ndani kuna kapasita inayoshika umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, na hiyo ni kazi ya fundi, au ni siku ya kununua nyingine.

## Sinia limerudi kutoka shuleni halijaguswa

Hili lilinipata mwaka wa kwanza. Nilikesha na buibui 24 wa siagi ya karanga, miguu minane kila mmoja, 192 kwa jumla, na nilizihesabu. Wakarudi wote 24, wamefunikwa karatasi ileile.

Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba shule nyingi hazipokei chakula cha nyumbani kabisa. Wanataka cha dukani, kimefungwa, kina orodha ya viambato. Ya pili ni karanga. Ya tatu ni jelatini, kwa darasa lenye watoto wa Kiislamu. Mwulize mwalimu wiki moja kabla, kwa maandishi, na uliza kuhusu ufuta pia. Tangu Januari 2023 ufuta umo kwenye orodha ya vyakula tisa vikuu vya mzio ambavyo sheria ya Marekani inataka vitajwe kwenye pakiti.

Nyumbani pia, kama wageni ni watoto usiowajua, andika kwenye kadi kilichomo. Ukiona boga limepakwa rangi ya samawati-kijani mlangoni kwa jirani, hapo wana vitu vya kuchezea kwa watoto wenye mzio. Kampeni hiyo imeenezwa nchi nzima na FARE, shirika la mzio wa chakula, tangu 2014.

Mtoto akila kitu kisha akatoka vipele peke yake, mwangalie kwa karibu na umpigie daktari. Akivimba midomo au ulimi, akikoroma anapovuta pumzi, akitapika pamoja na vipele, au akilegea ghafla, huo ni mzio mkali. Kama ana sindano yake ya epinefrini, ile ya dharura ya mzio, mchome kwanza, kisha 911. Usianze na dawa ya mzio ya kunywa wala usimwendeshe mwenyewe hospitali.

Mwaka uliofuata nilinunua machungwa madogo yale ya kumenya kwa mkono, tukayaacha na maganda yake, na binti yangu akachora nyuso za maboga kwa kalamu ya wino mweusi. Moja alilipa ndevu kama za baba yake. Mwalimu aliyapokea, na hilo la ndevu alijiwekea yeye.